Bunduki ya kuwindia: lipia kazi, usilipie nakshi

TANGU Serikali ilipotoa kanuni za uuzaji wa nyamapori mwaka 2020, biashara ya nyama ya porini imepata mlango halali wa kupitia. Bucha la nyamapori sasa ni biashara kama bucha la ng'ombe: lina leseni, lina mizani, lina mkaguzi na lina hesabu za mwisho wa mwezi. Mwenye ranchi ya wanyamapori na mkazi mwenye leseni ya kuwinda nao wamejikuta na swali ambalo mkulima hujiuliza anapotaka kununua trekta. Ninunue ipi, kwa fedha kiasi gani, na itanirudishia nini?

Katika makala haya nazungumzia bunduki ya kuwindia inayopiga risasi moja moja kwa umbali mrefu, si bunduki ya marisau. Hasa nataka kuizungumzia ile ya "nusu oda", kwa sababu ndiyo inayowatia watu tamaa. Wasindikizaji wa uwindaji wa kitalii wameziona mikononi mwa wageni, zina vitako vya mbao zenye mawimbi ya kupendeza na jina la mwenyewe limechorwa kwenye chuma. Si ajabu mtu mwenye akiba yake akajiuliza kama naye hastahili moja.

Nusu oda ni nini?

Msomaji aliyewahi kuona basi likijengwa atanielewa haraka. Chesisi na injini hutoka kiwandani zikiwa tayari, kisha mafundi hujenga bodi na kupanga viti kwa matakwa ya mwenye basi. Bunduki ya nusu oda ni hivyo hivyo. Mtambo wake, yaani sehemu yenye komeo linaloingiza na kutoa risasi, hutoka kiwandani. Fundi huufungia mtutu, kitako, kifyatulio na rangi kwa oda ya mnunuzi. Bunduki ya oda kamili ni kitu kingine. Hiyo hutengenezwa karibu yote kwa mkono, na mnunuzi huweza kuisubiri mwaka mzima au zaidi.

Kwa bei za Marekani za miaka ya karibuni, bunduki nzuri ya kawaida kutoka kiwandani huuzwa kati ya dola 500 na dola 1,000. Ya nusu oda huanzia kama dola 2,000 na kupita dola 5,000. Hapo bado hujalipa usafirishaji, kodi, vibali wala darubini. Swali la mchumi ni moja: hiyo tofauti inanunua nini?

Kitako

Jibu langu ni kwamba katika yote anayouziwa mnunuzi, ni mambo matatu tu yanayorudisha fedha. La kwanza ni kitako kinachomfaa mpigaji.

Viwanda vingi hutengeneza kitako ambacho umbali wake kutoka kifyatulio hadi mwisho ni inchi 13 na nusu hadi 13 na robo tatu, yaani karibu sentimita 34 hadi 35. Kipimo hicho kimelengwa kwa mwanamume wa kimo cha wastani wa huko zinakouzwa kwa wingi. Mtu mfupi akishika bunduki hiyo hulazimika kunyoosha shingo ili aone kwenye darubini, bega halikai vizuri, na teke la bunduki humwumiza. Akishaumia mara mbili tatu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi iliyokusudiwa nyuma ya bega la swala inaishia tumboni.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Utumbo ukipasuka, uchafu huenea kwenye nyama, na mkaguzi ana kila sababu ya kuikataa. Mnyama akikimbia na jeraha ni mateso kwake na ni hasara kwako. Katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa hulipiwa kama aliyeuawa, na hata anayewinda kwa biashara ya nyama anapaswa kumhesabu hivyo katika daftari lake.

Kipimo cha kujua kama kitako kinakufaa hakina gharama. Hakikisha bunduki haina risasi, ielekeze upande salama, fumba macho, ipandishe begani kwa mwendo wako wa kawaida, kisha fumbua. Kama jicho limeikuta darubini moja kwa moja, kitako ni chako. Kama umelazimika kutafuta, bunduki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Angalia pia nafasi kati ya jicho na darubini. Ikipungua sentimita 8 hivi, teke litakupasua nyusi.

Kifyatulio na mtambo

La pili ni kifyatulio. Kifyatulio kizito, cha kilo tatu kwa mfano, humfanya mpigaji avute kwa nguvu na mtutu usogee kabla risasi haijatoka. Kwa kuwinda, uzito wa kilo moja na nusu hivi unatosha. Kushuka chini ya kilo moja ni hatari, maana mwindaji hutembea, huinama na hujikwaa, na vidole vyenye jasho havina subira. Pamoja na kifyatulio, dai kizuizi cha usalama kinachoshika imara na kinachosogezwa kwa kidole bila kelele.

La tatu ni mtambo unaoaminika. Mjerumani Paul Mauser alitoa mtambo wake maarufu mwaka 1898, na hadi leo mafundi wa nusu oda wanaujenga au kuuiga. Siri yake ni ukucha mkubwa unaokamata kitako cha risasi tangu inapotoka kwenye magazini, ukaiongoza hadi chemba na kuitoa nje baada ya kupigwa. Hata mkono ukitetemeka au bunduki ikiinamishwa, risasi haidondoki wala hazipandani mbili.

Historia ya soko inatufundisha thamani ya jambo hili. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki yake ya Model 70 mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa aina hiyo. Mwaka 1964 kiwanda kilibadili muundo ili kupunguza gharama, na ukucha ukaondolewa. Wanunuzi waliiona tofauti. Bei za bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zikapanda katika soko la mitumba, na miaka ya 1990 kampuni ikaurudisha ukucha ule. Mnunuzi makini hulipia kinachofanya kazi, na kiwanda hatimaye husikia.

Usichopaswa kulipia

Sasa tuje kwenye vinavyopandisha bei bila kupandisha kipato. Cha kwanza ni usahihi uliopitiliza. Watengenezaji wengi wa nusu oda hutoa dhamana kwamba risasi tatu zitaingia ndani ya inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, kwa umbali wa yadi 100 ambazo ni mita 91. Ni sifa nzuri. Lakini moyo na mapafu ya swala pala vina upana unaozidi kiganja kilichokunjuliwa, na katika miombo na vichaka mara nyingi mwindaji hupiga chini ya mita 150. Bunduki inayokusanya risasi ndani ya sentimita tano kwa mita 100 inatosha kabisa. Anayelipa dola 1,000 zaidi ili kupunguza sentimita mbili analipia kitu ambacho mteja wa bucha hatakiona kwenye mizani.

Cha pili ni mbao za urembo. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na zikisukuma mtutu, shabaha huhama. Kitako cha faibaglasi hakina mvuto machoni, ila hakijali mvua. Kwa anayeishi karibu na bahari, mtutu wa chuma kisichoshika kutu ni nyongeza yenye maana. Kwa wa bara kavu, kitambaa chenye mafuta kila jioni hufanya kazi hiyo hiyo.

Cha tatu ni risasi ya kifahari. Mtengenezaji atakupa orodha ndefu ya vipimo vya kuchagua, vingine vimetoka juzi. Risasi ya .30-06 imekuwapo tangu mwaka 1906 na ya .308 Winchester tangu mwaka 1952, na yoyote kati ya hizo inamtosha swala pala, ngiri, kongoni na nyumbu. Risasi za mwendo mkali mno hupiga teke zaidi, hugharimu zaidi, na kwa umbali mfupi huharibu nyama kubwa kuzunguka jeraha. Kwa nyati hesabu inabadilika. Hapo wawindaji hutaka angalau .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, na leseni yako ndiyo itakayosema kama unamhitaji nyati au la. Kabla ya kuchagua, nenda kwa muuza risasi mwenye leseni ukaulize anazo zipi mwaka mzima. Bunduki isiyopata risasi ni mtaji uliolala kabatini.

Tupige hesabu

Tuseme tofauti kati ya bunduki ya kiwandani na ya nusu oda ni dola 2,000, na utaitumia miaka 10. Ukipata leseni ya wanyama 20 kwa mwaka, ni wanyama 200, na kila mmoja anabeba dola 10 za tofauti hiyo. Ukipata leseni ya wanyama wanne tu, ni wanyama 40, na kila mmoja anabeba dola 50. Bado hatujaweka riba ya mkopo.

Kutokana na hesabu hiyo msomaji ataona kwamba kinachoamua idadi ya wanyama ni leseni. Ubora wa bunduki hauongezi hata mnyama mmoja. Trekta bora huweza kulima ekari nyingi zaidi, lakini bunduki bora haiwezi kuvuka idadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Kazi yake pekee ni kupunguza nyama inayoharibika na wanyama wanaojeruhiwa. Kazi hiyo inafanywa na kitako, kifyatulio na mazoezi.

Kwa mantiki hiyo, ushauri wangu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu. Nunua bunduki ya kawaida ya kiwandani yenye mtambo mzuri, kisha mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni akipunguze au akirefushe kitako na kukirekebisha kifyatulio. Fedha iliyobaki weka kwenye darubini ya kati isiyoingiza maji na kwenye risasi za mazoezi katika uwanja unaoruhusiwa. Utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida ya nusu oda bila kubeba bei yake.

Wapo watakaosema bunduki nzuri haishuki thamani, na watanitajia hizo Winchester za kabla ya mwaka 1964. Hoja hiyo ina nguvu Marekani, ambako wanunuzi ni wengi. Hapa kwetu huwezi kumuuzia jirani kwa kupeana mikono. Mnunuzi naye lazima awe na kibali. Mali yenye wanunuzi wachache huuzwa kwa shida siku mwenyewe anapokuwa na shida.

Sheria kabla ya fedha

Mpangilio wa hatua nao ni sehemu ya hesabu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka umiliki wa silaha uwe na leseni, na maombi hupitia Jeshi la Polisi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inataka leseni ya kuwinda. Anayetuma malipo ya awali kwa mtengenezaji wa ng'ambo kabla ya kupata vibali anacheza bahati nasibu kwa mtaji wake.

Wanavikundi wawe waangalifu zaidi. Bunduki si kama mashine ya kukoboa ambayo leo iko kwa huyu na kesho kwa yule. Aliyetajwa kwenye leseni ndiye anayewajibika, na kumwachia asiye na leseni ni kosa. Kikundi kikichanga fedha, bunduki ikaandikwa jina la mwanachama mmoja, siku akihama au akifariki wenzake wanabaki na risiti. Kwa kikundi chenye leseni ya wanyama wachache, ni nafuu kumlipa mwindaji mwenye leseni na bunduki yake kwa kila mnyama kuliko kununua silaha.

Na mkulima ambaye shida yake ni nguruwe pori na nyani shambani asidhani makala haya yanamhusu. Bunduki ya nusu oda haitamlindia mahindi. Amwone ofisa wanyamapori wa wilaya yake, na fedha aliyodhamiria kutumia aielekeze kwenye uzio na walinzi.

Mgeni anayekuja na bunduki ya nakshi amelipia starehe yake, na ana haki hiyo. Mwenye bucha anatafuta riziki. Kabla hajatoa shilingi, akiulize kila kipengele kwenye orodha ya mtengenezaji: wewe utaniongezea kilo ngapi kwenye mizani? Kisicho na jibu kibaki kwenye orodha.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.