Tuyatazame Upya Matengenezo ya Kompyuta

Katika miaka ya karibuni kompyuta imeingia katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Imo nyumbani kwa mwalimu anayetunga mitihani, kwa karani anayemalizia usiku kazi za ofisi, kwa mfanyabiashara anayeweka hesabu za duka lake, na kwa kijana anayeandika tasnifu yake ya chuo kikuu. Hilo ni jambo la kufurahisha. Tunalotaka kulisema leo ni lile linalotokea siku kompyuta hiyo inapoingiwa na virusi na mwenyewe akaibeba kwenda kwa fundi.

Virusi vya kompyuta si maradhi mapya. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, walitunga programu iliyojificha katika diski na kusambaa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikajulikana kwa jina la Brain. Ile yao haikuwa na madhara makubwa. Waliokuja baadaye hawakuwa na huruma. Tarehe 12 Mei, 2017 programu iitwayo WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu katika takriban nchi 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwishatoa marekebisho ya kuliziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo huo. Kompyuta zilizodhurika ni zile ambazo hazikuwa zimeyapata.

Hapa Visiwani njia ya maambukizo iliyo karibu zaidi na macho ya kila mtu ni flashi. Asubuhi huchomekwa katika kompyuta ya duka la kutolea kopi, mchana ofisini, usiku nyumbani. Wengi wamepata kuifungua flashi wakaona mafaili yao hayapo, na mahali pake pana alama ndogo zenye majina yale yale ambazo zikibonyezwa huzidi kueneza maradhi. Mara nyingi mafaili hayo hayakufutwa. Yamefichwa tu, na fundi mjuzi huyarejesha kwa dakika chache. Hata hivyo wapo wananchi wanaoambiwa kuwa kila kitu kimekwisha kuliwa na virusi, nao wakaridhia kazi yao ya miaka ifutwe.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Dawa iliyozoeleka mitaani kwa takriban kila ugonjwa wa kompyuta ni ile inayoitwa "kupiga window". Diski hufutwa yote, kisha Windows mpya huwekwa kutoka katika flashi ya fundi. Aghalabu Windows hiyo haina leseni, kwa hiyo huongezwa programu nyingine ya kuihadaa ijione kuwa inayo. Na ili programu hiyo ya wizi ikubaliwe, ulinzi wa kompyuta huzimwa kwanza. Mara nyingi marekebisho ya kila mwezi nayo huzimwa, wizi usije ukagunduliwa. Mwenye kompyuta hulipa, hushukuru, na kurudi nyumbani na chombo chenye kasi ya kupendeza kisichokuwa na mlango wala komeo. Ni sawa na mgonjwa aliyetibiwa kwa sindano iliyokwisha kutumiwa kwa wengine.

Hatusemi haya kuwabeza mafundi. Wengi wao ni vijana waliojifunza kwa juhudi zao wenyewe, na mteja anayewajia anataka kazi ya bei nafuu iliyo tayari kabla ya alasiri. Matengenezo ya haki hayaendi kwa pupa hivyo. Kompyuta hutengwa na intaneti kwanza. Kisha huwashwa kwa kutumia flashi safi, wala si kwa Windows yake yenyewe iliyo mgonjwa, ili nyaraka na picha zinakiliwe kando. Programu haziguswi, kwani humo ndimo virusi hupenda kukaa. Baada ya hapo ndipo husakwa virusi, na ikiwa vimezama sana, ndipo diski hufutwa.

Tena lipo jambo ambalo wananchi wengi hawakuambiwa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita na kuuzwa zikiwa na Windows zimehifadhi namba ya leseni ndani ya mitambo yake zenyewe. Ikiwekwa Windows halisi ya aina ile ile, ambayo Microsoft huruhusu mtu yeyote kuichukua bure kutoka kwao, kompyuta hujitambua bila ya hila yoyote. Maana yake ni kwamba mwananchi huwekewa kitu cha wizi ilhali cha halali amekwishakilipia dukani! Ama zile kompyuta kongwe, muda wa kawaida wa Windows 10 kupewa marekebisho ulimalizika tarehe 14 Oktoba, 2025, na zile zisizoweza kupokea Windows 11 zinaweza kutumia Linux, ambayo ni bure na inatosha kwa barua na hesabu za nyumbani.

Baada ya matengenezo maneno ya siri yabadilishwe, kuanzia la barua pepe, na hilo lifanywe katika kifaa kilicho salama. Aliyefungiwa mafaili na kudaiwa fedha asikimbilie kulipa. Tangu mwaka 2016 polisi wa Ulaya na wenzao wanaendesha mpango uitwao No More Ransom, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi vya aina hiyo.

Kuhusu kuweka nakala, Visiwa vyetu havihitaji mhubiri kutoka mbali. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa sababu ilitegemea waya mmoja wa umeme uliopita chini ya bahari. Tasnifu iliyomo katika kompyuta moja tu inategemea waya mmoja.

Tunageuka sasa kwa ndugu zetu watendaji wa serikali. Afisa anayechukua kazi nyumbani kwa flashi huchukua pamoja nayo majina ya watu, mishahara yao na mashauri yao. Kompyuta ile ikiugua, hupelekwa kwa fundi wa mtaani ikiwa na siri zote hizo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza mtu kuingia katika data za mwingine bila ya haki, lakini sheria peke yake haitoshi iwapo afisa mwenyewe anamkabidhi fundi siri hizo kwa mikono yake. Tunaona ni wajibu wa kila wizara kuwa na mtu wa kuitibu kompyuta ya mtumishi inayobeba kazi za umma, hata kama kompyuta yenyewe ni mali yake.

Aidha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ingeweza kuandaa mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi walio kazini tayari, bila ya kuwadai vyeti vya skuli wasivyokuwa navyo. Na katika kila wilaya iwepo flashi safi yenye Windows halisi, Linux na programu za kusakia virusi, ambayo fundi yeyote ataruhusiwa kuinakili bure. Wilaya zetu ni 11. Flashi 11 haziwezi kuishinda bajeti ya serikali. Kinachotakiwa ni ofisi itakayokubali dhamana ya kuzifanya upya kila mwezi, na tungependa ofisi hiyo ijitaje.