Alama ya @ haitengenezi kitu

Wadau, hivi nani aliwafundisha mafundi wetu wa tovuti kwamba kosa lisiloonekana si kosa?

Chukulia mfanyabiashara wa Mchikichini mwenye tovuti ya PHP. Bei zake zimo kwenye faili, na ukurasa unazisoma kwa file_get_contents. Siku moja faili linahamishwa, au ruhusa ya kulisoma inabadilishwa. PHP inatoa onyo, na kama display_errors imewashwa, onyo linatoka mbele ya wateja: njia nzima ya mafolda ya seva pamoja na namba ya mstari. Mteja haelewi kitu. Mdukuzi anashukuru.

Fundi anapigiwa simu. Anabandika @ mbele ya file_get_contents, onyo linapotea, anachukua chake anasepa. Jamani, katengeneza nini? Faili bado halisomeki! Usomaji ukishindwa, PHP inarudisha false, na false ukiigeuza namba inakuwa 0. Kwa hiyo ukurasa unaweza kutangaza bei ya shilingi 0 huku seva ikituma 200, yaani kila kitu shwari. Hata programu inayokagua kama tovuti iko hewani inadanganyika.

Nenda kwa muuza mitumba palepale Mchikichini umwulize saizi ambayo hana. Atakwambia hana, urudi akifungua belo jingine. Hakuonyeshi meza tupu akasema ni bure. Wala hakutajii anapoweka funguo za banda.

Watetezi wa @ wanasema mteja asisumbuliwe na mambo ya kiufundi. Sawa kabisa! Ndiyo maana unazima display_errors na kuwasha log_errors, ili onyo liende kwa fundi, si kwa mteja. Kisha pima jibu kwa === false. Ukitumia == tu, hata faili tupu litahesabiwa kuwa limeshindwa kusomeka, na hayo ni matatizo mawili tofauti. Usomaji ukishindwa, tuma 500 na umwandikie mteja kwa Kiswahili: "Bei hazipatikani kwa sasa, tafadhali tupigie simu."

Mistari mitano, sita hivi. Fundi akikwambia hiyo ni kazi ya ziada na @ inatosha, usibishane naye. Mlipe bei iliyoandikwa kwenye tovuti: shilingi 0.