Jicho la Jirani Halifiki NECTA

Mafanikio ya mtoto, ndugu au rafiki ni ya kufichwa mpaka "yakae sawa". Ndivyo wanavyoamini watu wengi wa Kanda ya Ziwa, na kata ya Kibimba wilayani Ngara haina tofauti na Biharamulo kwa majirani. Kijana kapata daraja la kwanza, anyamaze. Binti kachaguliwa kwenda chuo, aondoke na basi la alfajiri, majirani wajue akishafika. Aliyepata ajira akiulizwa habari za kazi ajibu kwamba bado anahangaika. Sababu inayotolewa ni moja tu: kuna macho.

Imani hii ina msimu wake, nao ni Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotoa matokeo ya kidato cha nne. Wahubiri inao pia. Katika ibada za shukrani, mahali ambapo mtu angetarajia watu washukuru kwa sauti, haikosekani sauti ya kuwaonya wazazi kwamba adui wa kwanza wa mtoto wao ni wa damu yao na huenda yumo humo humo kanisani. Shangazi aliyeketi benchi la pili, aliyeuza mbuzi wake ili mtoto huyo apate daftari na viatu, huinamisha kichwa na kutazama miguu yake. Mahubiri ya namna hii yamechosha. Imani yenyewe ni ya hovyo, na uhovyo wake unawagharimu watoto zaidi ya husuda yoyote.

Watetezi wake hukimbilia kwanza mila. Wazee wetu, wanasema, hawakuwa watu wa kujitangaza. Hao ni wazee wa wapi? Mkoani Kagera humu humu, Wahaya walikuwa na ebyebugo, majigambo ambayo shujaa aliyaghani mbele ya mukama, mfalme wao, akijitaja jina, ukoo na alichokitenda, na asiyekuwa na la kujigamba ndiye aliyeona haya. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, majigambo ya vita yalighaniwa mbele ya mwami, na hata ng'ombe wa kifalme walitungiwa sifa zao. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza kinasikilizana na Kirundi bila mkalimani. Ni vigumu kuamini kwamba katikati ya watu wote hao waliojisifu kwa mashairi, Wahangaza na Washubi peke yao walizaliwa na ndimi zilizofungwa kamba. Kunyamaza kunakoitwa mila kumeletwa na hofu ya siku hizi, na hofu hiyo ina wafanyabiashara wake: wauza mafuta ya upako, wauza kinga, na watumishi wanaotabiri maadui kwa namba ya simu.

Namna jicho linavyofanya kazi haijawahi kuelezwa na mtu yeyote kwa mpangilio unaoeleweka. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Karatasi hufungwa, husafirishwa, husahihishwa na watu wasiomjua mtahiniwa, kisha alama huingizwa kwenye mfumo. Jicho la jirani wa Kibimba basi litoke Ngara, lishuke Lusahunga, lipite Kahama, Nzega na Singida, mpaka liingie kwenye kompyuta ya NECTA na kuigeuza B ya Baiolojia kuwa D. Siku ya matokeo tovuti ya Baraza haifunguki hata kwa mwenye simu nzuri na bando la kutosha, seuze kwa husuda isiyo na bando.

Mithali nayo huletwa: chema chajiuza. Hakijiuzi. Maharage ya Ngara ni mazuri, lakini gunia halijawahi kusimama lenyewe sokoni Rulenge likamwita mnunuzi. Kuna mama aliyelibeba, akachota kiganjani, akayapuliza makapi, akayaonyesha, akayasemea mpaka koo likakauka.

Jambo ambalo imani hii hulifunika ni kwamba sifa ni taarifa. Anayempongeza mwanawe hadharani huwa anatangaza njia, hata kama mwenyewe anadhani anatangaza jina tu. Kibimba si Dar es Salaam, ambako ofisi ya kila kitu iko umbali wa daladala moja. Bukoba penyewe, makao makuu ya mkoa, ni safari ya basi ya saa nyingi. Katika mahali pa namna hiyo, habari za shule, chuo, kozi na mkopo husafiri kwa mdomo, na mdomo ukifungwa kwa ajili ya husuda, habari hufa mlangoni pa aliyefaulu.

Mfano wa uuguzi unatosha. Anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi hutakiwa awe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa miaka mingi mwanafunzi amekuwa akiamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuyaacha anapoingia kidato cha tatu. Hapo ana miaka kumi na mitano au kumi na sita, mwalimu wa Fizikia shuleni ni mmoja au hayupo, na somo lenyewe linatisha. Binti ambaye tangu utotoni huwatazama wauguzi wa hospitali ya Murgwanza kwa hamu anaiacha Fizikia kwa kuwa rafiki zake wameiacha, na ndoto yake inafungwa siku hiyo hiyo pasipo mtu kumwambia. Miaka miwili baadaye, cheti mkononi, anaambiwa kwamba hana sifa. Sasa, nyumba tatu kutoka kwao yupo msichana aliyemaliza uuguzi mwaka uliopita. Angeweza kumwonya kwa sentensi moja. Hakumwonya kwa sababu mama yake alimkataza kabisa kusema anasoma nini na wapi. Aliyemroga huyu aliyekosa ni nani, kama si kimya cha yule aliyefaulu?

Mkopo wa elimu ya juu nao uko hivyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004, na vijana wa vijijini bado huikosa fedha yake kwa mambo madogo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, fomu inataka mdhamini mwenye kitambulisho, na dirisha la maombi likishafungwa limefungwa. Haya hayafundishwi darasani. Anayeyajua vizuri ni yule aliyehangaika nayo mwaka jana, na yule aliyehangaika nayo mwaka jana ameamriwa anyamaze. Ada za sekondari za serikali zimefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022. Kilichobaki ghali ni kujua.

Ajabu ni kwamba kufeli hakufichwi. Mtoto akipata sifuri, kata nzima inajua kabla ya saa sita mchana, na hakuna anayekumbuka jicho wala adui wa ndani. Anayerudi kutoka mjini amefukuzwa kazi hujadiliwa kisimani, kilabuni, na kwenye bodaboda. Hivyo mtoto wa Kibimba hukua akizijua kwa majina njia zote za kuanguka, na njia ya kupita haoni hata moja. Kisha watu hukaa vikao na kuuliza kwa nini vijana wa siku hizi hawana mfano wa kuiga.

Kanisa lenyewe, ambalo mimbari zake hutumika kuonya dhidi ya kutangaza, halifanyi hivyo kwa mambo yake. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa wa Kagera alipokuwa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, hakuna aliyeshauri jambo hilo lifanywe usiku. Tarehe 30 Septemba 2023 Protase Rugambwa, aliyekuwa padri wa jimbo la Rulenge, naye alifanywa kardinali. Jimbo la Rulenge ni hili hili la Ngara na Biharamulo. Habari yake ilisomwa redioni, vitenge vikavaliwa, shukrani zikatolewa kwa sauti. Jicho baya, ikiwa lipo, lilipata nafasi ya kutosha, na kofia nyekundu bado iko kichwani. Ukardinali basi ni salama kuutangaza, ila daraja la pili la mtoto wa mkulima wa kahawa ndilo lenye hatari.

Mkoa huu una ushahidi mwingine. Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na watu 19 wakafa. Miongoni mwa wavuvi waliokimbilia kuokoa alikuwamo kijana Majaliwa Jackson. Watu walimtaja, wakamsifu, picha yake ikazunguka nchi nzima. Siku iliyofuata alikabidhiwa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ndugu zake na rafiki zake wangemficha kwa kuogopa macho, kijana angerudi kwenye nyavu zake, na hakuna wizara ambayo ingempigia simu.

Wapenda kimya walifurahi Januari 2023, NECTA ilipotangaza kwamba haitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Waliona hata serikali imekiri. Haikukiri chochote cha namna hiyo. Orodha ile ilikuwa tangazo la bure la shule zenye ada kubwa, na Baraza lilisema orodha hiyo haina tija. Halijamkataza bibi wa Kibimba kupiga vigelegele kwa mjukuu wake.

Kama kuna kitu cha kupunguzwa katika sherehe za mafanikio, ni mgeni rasmi. Mahafali yaliyoandikwa kuanza saa tatu huanza saa nane, kwa kuwa mkubwa mmoja bado yuko njiani. Watoto wamepangwa juani tangu asubuhi, sare zimelowa jasho, kwaya imeimba wimbo ule ule mara nne. Mgeni akifika huomba radhi kwa majukumu ya kitaifa, husomewa risala yenye maombi ya matundu ya vyoo, huahidi, hula, huondoka. Wahitimu wenyewe, walioleta watu pale, hutajwa kwa haraka jua likizama, na majina yao husomwa vibaya. Kwa hili hakuna mhubiri aliyewahi kupandwa na hasira.

Hoja ya gharama haihitaji muda mrefu. Inasemwa kwamba kupongeza ni kufilisika: kamati, michango, ukumbi, keki ya ngazi tatu, mshereheshaji mwenye spika za kupasua masikio. Nani alisema mtu apongezwe kwa keki? Ndizi zipo mgombani, maharage yapo stoo, pombe ya ndizi haijawahi kuombewa kadi ya mwaliko, na vigelegele havina risiti. Wanaolia gharama ndio hao hao wanaolipia kinga ya mtoto asirogwe.

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye kozi zilizokosekana. Kila mafanikio yakihesabiwa kuwa yanawindwa, lazima apatikane mwindaji, na katika Kanda ya Ziwa mwindaji huyo mara nyingi amekuwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini ya kuwapikia hao hao. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1928, na haikuzuia vikongwe kukatwa mapanga kwa tuhuma za aina hii. Anayemfundisha mtoto kwamba shangazi ana jicho hafundishi tahadhari. Anaandaa mtuhumiwa.

Pongezi yenye faida haina siri kubwa. Mzazi husimama na kumtaja mtoto, shule na matokeo. Kisha mtoto mwenyewe husema alichukua masomo gani kidato cha tatu, alisomea wapi usiku, nani alimfundisha Hesabu, aliomba chuo kipi na kwa njia gani, cheti cha RITA kilichukua muda gani na mdhamini alimpata wapi. Wadogo huuliza. Walimu hutajwa kwa majina wakiwa bado hai. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na maombi ya mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, hivyo anayerudi likizo kutoka chuoni anafaa kusikilizwa kabla ya hapo, penye watu wengi, na mlango ukiwa wazi.