Aliyedharauliwa ni Hakimu, Anayegharamika ni Mama

Septemba 2024 Wakenya walipewa somo la bure kuhusu kudharau mahakama. Gilbert Masengeli, aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, alikuwa ameitwa na Jaji Lawrence Mugambi mara saba kuhusu watu watatu waliotoweka Kitengela, na mara zote saba hakufika. Tarehe 13 jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita, kisha akaisimamisha adhabu hiyo kwa siku saba ili mkubwa huyo apate nafasi ya kujirudi. Walinzi wa jaji wakaondolewa, Jaji Mkuu akalalamika, mawakili wakapaza sauti. Tarehe 20 Masengeli alikuwa kortini, mpole, akiomba radhi. Hukumu ikafutwa.

Hilo lilikuwa jambo jema. Kilichonikera, na kinachonikera hadi leo, ni mahubiri yaliyofuata. Kila aliyepata kipaza sauti alituambia kwamba amri ya korti ni amri, haijali cheo wala mfuko. Ningependa wahubiri hao waende siku moja tu wakaketi kwenye mabenchi ya Mahakama ya Watoto ya Milimani, au ile ya Tononoka kule Mombasa, waone amri za korti zinavyogeuzwa karatasi za kufungia maandazi na watu wasio na cheo chochote, wala walinzi, wala king'ora.

Nazungumzia zile amri zinazotolewa ndoa inapovunjika. Baba atoe kiasi fulani kila mwezi na alipe karo. Mama amwachie mtoto aende kwa baba yake wikendi mbili kwa mwezi. Nyumba iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake. Hakimu husoma, wakili huinama, karani hupiga muhuri, na watu wawili walioachana hutoka mlangoni kila mmoja akijua moyoni kwamba kinachofuata kitategemea hiari ya yule mwenye nguvu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafuta: anayekaidi amri hizo kwa makusudi aadhibiwe kwa kudharau mahakama, na mahakama yenyewe ndiyo imfuate. Si mtalaka wake.

Wengine hudhani sheria ya kudharau mahakama iliundwa kwa ajili ya mawaziri na wahariri wa magazeti, na kwamba kuileta kwenye ugomvi wa talaka ni kutumia rungu kuulia mbu. Historia inasema vingine. Kesi ambayo majaji wetu huirejelea karibu kila wanapomwadhibu mkaidi ni Hadkinson dhidi ya Hadkinson, ya Uingereza, mwaka 1952. Majina yanayofanana yanaeleza yote: ni mume na mke walioachana. Mama alipewa mtoto kwa sharti kwamba asimtoe nchini bila idhini ya korti. Akaolewa tena, akamchukua mtoto hadi Australia. Alipoamriwa amrudishe akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakataa hata kumsikiliza hadi kwanza atii. Kwa hiyo nguzo ambayo Nairobi huegemea inapowakemea wakubwa wa serikali ilichongwa kutoka kwenye kesi ya mtoto wa wazazi walioachana. Ajabu ni kwamba nguzo hiyo inafika Mahakama Kuu ikiwa imara, na ikishuka hadi mahakama ya watoto inakuwa ufito.

Wanaopinga msimamo wangu wana hoja tatu, nazo nazitaja kwa sababu ni lazima. Kumfunga baba hakumlishi mtoto. Kumfunga mama anayemficha mtoto ni kumwadhibu mtoto pamoja naye. Na gereza siku zote huishia kujaa maskini. Hoja ya mwisho ina ushahidi: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Turner dhidi ya Rogers, ilisema baba mmoja wa South Carolina alinyimwa haki alipofungwa miezi 12 kwa malimbikizi ya matunzo bila korti kuchunguza vya kutosha kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Hapa kwetu pia, mwaka 2012, Jaji David Majanja, katika kesi ya Beatrice Wanjiku, alikataa kusema kwamba kifungo cha deni chenyewe kinavunja Katiba, lakini akasisitiza kwamba mdaiwa apewe ilani na asikilizwe kwanza.

Naafiki yote hayo. Ila yote yanamhusu asiyeweza, na mimi simzungumzii asiyeweza. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai tayari kinamtenga yule mwenye uwezo anayekataa na yule asiye na kitu. Aliyefutwa kazi ana njia iliyo wazi, nayo ni kurudi kwa hakimu aombe kiwango kipunguzwe. Anayeshikwa na shida huenda kuomba. Anayenyamaza miezi minane huku akibadilisha gari hana shida, ana kiburi.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho ni swali ambalo sijaona likijibiwa: kwa nini kazi ya kulinda heshima ya mahakama amepewa mtu fukara kuliko wote waliomo kwenye kesi?

Tuseme kuna mama anayeuza mitumba Gikomba. Korti imeamuru baba wa watoto atoe shilingi 15,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza zimeingia zote, wa pili nusu, wa tatu na wa nne hakuna kitu, na simu haishikwi. Amri iliyovunjwa si ya mama huyu. Ina muhuri wa Jamhuri na sahihi ya hakimu. Lakini hakimu hajui kwamba imevunjwa, na hatajua, kwa kuwa faili limerudi rafuni. Ni juu ya mama kutafuta wakili au kuandika ombi mwenyewe, kula kiapo, kulipa ada na kuhakikisha karatasi zimemfikia mtu ambaye kazi yake ya miezi minne imekuwa ni kutofikiwa. Kwa bahati majaji wamelegeza kidogo hapo: Jaji Isaac Lenaola alisema katika kesi ya Basil Criticos, mwaka 2012, kwamba aliyeijua amri hawezi kujificha nyuma ya kutokabidhiwa nakala. Lakini kujua kwake nako ni lazima kuthibitishwe, na wa kuthibitisha ni mama yule yule.

Akivuka hapo anakutana na kigezo cha ushahidi. Tangu kesi ya Mutitika dhidi ya Baharini Farm, ya mwaka 1985, anayemshtaki mwenzake kwa kudharau mahakama hutakiwa kuthibitisha kwa kiwango kinachozidi kile cha kesi za kawaida za madai, kinachokaribia kile cha jinai. Kwa mhariri wa gazeti au waziri ni sawa, maana uhuru wa mtu uko hatarini. Kwa mama wa Gikomba maana yake ni kwamba athibitishe yaliyomo kwenye akaunti ya mtu ambaye hata nyumbani kwake haruhusiwi kukanyaga. Na hapa siwaelewi mahakimu wanaoacha mzigo huo wote mgongoni mwake, kwa sababu kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi kinasema wazi kwamba katika kesi za madai, jambo linalojulikana hasa na upande mmoja lithibitishwe na upande huo. Nani anayejua mapato ya baba kuliko baba? Mama aonyeshe amri na aonyeshe kwamba pesa hazikuingia. Baba aje na taarifa zake za benki na za M-Pesa aeleze zilikokwenda.

Kuna pia kuahirishwa kwa kesi. Wakili wa baba ni mgonjwa. Hakimu yuko likizoni. Faili halionekani. Kila tarehe ya kutajwa ni siku ambayo kibanda cha mitumba hakifunguliwi. Baba hapotezi kitu kwa kuchelewa. Kila mwezi unaopita ni mwezi mwingine ambao pesa zimebaki mfukoni mwake.

Halafu, tuseme ameshinda. Baba ameshindwa kujibu ilani ya kueleza sababu, na hakimu amekubali aende kifungo cha deni. Sheria ya Utaratibu wa Madai inasema anaweza kukaa ndani hadi miezi sita ikiwa deni linazidi shilingi 100. (Ndiyo, shilingi 100, sheria hiyo ni kongwe kuliko wengi wetu.) Na atakula nini akiwa ndani? Atakula kwa pesa za mama. Kifungu cha 41 kinahusu posho ya kujikimu ya mfungwa wa deni, na anayeitoa ni yule aliyeomba afungwe. Mama asipoitoa, kifungu cha 42 kinasema mfungwa aachiliwe. Na akishaachiliwa, hata kama deni bado lipo, hawezi kukamatwa tena kwa hukumu ile ile.

Soma aya hiyo mara ya pili. Mwanamke aliyekuja kortini kwa sababu hana chakula cha watoto anaambiwa amlishe kwanza mtu aliyekataa kuwalisha. Nimesikia mawakili wakieleza kanuni hii kwa utulivu kabisa, kama wanaeleza ratiba ya basi. Sheria ikihitaji utulivu wa namna hiyo ili isikike ya busara, basi si ya busara.

Yule kaimu Inspekta Jenerali aliyekaidi mara saba hakuambiwa kwamba mlalamishi atagharamia ugali wake katika gereza la Kamiti. Wala hatukuona jaji akimwomba mlalamishi yeyote ruhusa ya kukasirika. Mahakama ilijiona imedharauliwa, ikachukua hatua, na siku saba zilitosha. Mwaka 2018, katika sakata ya wakili Miguna Miguna, Mahakama Kuu iliwatoza faini kwa kukaidi amri zake Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na katibu wa uhamiaji, shilingi 200,000 kila mmoja, ikaagiza zikatwe kwenye mishahara yao. Kumbe wazo la kukata mshahara lipo. Serikali inalijua vizuri zaidi: kila hati ya mshahara leo hukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya, na mwajiri asiyewasilisha kwa wakati hupata joto. Mwanafunzi aliyekopa kwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hufuatwa hadi kwenye kazi yake ya kwanza. Kanuni ya kumwachia mfanyakazi theluthi moja ya mshahara ipo tayari kumlinda baba asibaki mtupu. Mtoto peke yake ndiye ambaye mwajiri wa baba yake hafikiwi mpaka mama aende kortini tena.

Najua watakaosema wababa wengi wako jua kali, hawana hati za mshahara. Kweli. Hao ndio hasa wanaohitaji kuitwa na korti mapema, kabla malimbikizi hayajawa mlima ambao hata mwenye nia njema hawezi kuupanda.

Na isidhaniwe kwamba nawatetea akina mama tu. Wapo wanaomficha mtoto kwa shangazi Murang'a kila wikendi ya zamu ya baba ikikaribia, wapo wanaosema hadharani hakuna pesa hakuna mtoto. Mtoto si rehani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, waoane wasioane, na mama anayekaidi amri ya kumwona mtoto aitwe na korti ile ile, kwa haraka ile ile. Bi Hadkinson alikuwa mama.

Badala yake, siku hizi mkaidi akifikishwa kortini husikia neno tamu: usuluhishi. Katiba inauhimiza, na tangu 2016 mahakama zetu zina mpango wake rasmi wa upatanishi. Kabla ya hukumu, nauunga mkono kwa moyo wote. Baada ya amri kutolewa na kuvunjwa, kumrudisha mama kwenye meza ya maelewano ni kumwambia aanze kubembeleza upya kile alichokwisha kupewa, na kila mara anatoka na kidogo kuliko alichoingia nacho.

Tangu Novemba 2018, Jaji Chacha Mwita alipoibatilisha Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016 kwa kukosa ushirikishwaji wa umma na kuingilia uhuru wa mahakama, kisingizio kimekuwa kwamba tunasubiri Bunge. Mahakimu hawahitaji kusubiri. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inawapa mamlaka ya kumwadhibu anayewadharau. Jaji Mkuu naye anaweza kutunga kanuni za utaratibu. Kila amri ya matunzo au ya kumwona mtoto iandikwe pamoja na tarehe ya kurudi kortini, na siku hiyo aliyeamriwa aonyeshe kwamba ametii. Asipofika, hati ya kukamatwa itolewe na korti bila mtu kuiomba.

La Bunge ni moja dogo: kifungu cha 41 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kisiguse tena kesi za matunzo. Hilo halihitaji jopo kazi wala warsha ya siku tatu Naivasha.