Tufyeke Maficho Kabla ya Kuwasaka Majambazi

Sisi tuliosafiri kwa basi kati ya Lusahunga na Rusumo katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata tunakumbuka jambo moja. Gari lilipokuwa kwenye tambarare yenye mashamba na nyumba, abiria walizungumza, walicheka na kununuliana ndizi za kuchoma. Pori lilipoisogelea barabara na gari likaanza kupanda mlima kwa kunung'unika, mazungumzo yalikoma. Kina mama walizificha fedha zao kwenye nguo za watoto, wazee walivuta uradi, na utingo alisimama mlangoni akitazama mbele. Hakuna aliyeamuru watu wanyamaze. Kila mmoja aliijua kona ile, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kusikia habari za watu walioporwa hapo.

Barabara hiyo, ipitayo Nyakahura wilayani Biharamulo na kuingia Wilaya ya Ngara, ni njia ya mizigo iendayo Rwanda na Burundi. Kwa miaka mingi magari yaliyopita katika mapori ya sehemu hizi yalilazimika kungojana na kusindikizwa na askari wenye bunduki. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku na mchana, baada ya katazo lililodumu karibu miaka 30. Sisi tunauunga mkono uamuzi huo, maana nchi haiwezi kujenga uchumi wake ikiwa jua likizama wananchi wake hufungiwa njia. Hata hivyo ruhusa hiyo inatulazimisha kuuliza swali moja: zile kona zilizowanyamazisha abiria zimefanywa nini?

Katika nchi yetu tumezoea kupambana na ujambazi kwa njia ya msako. Tukio likitokea, askari humiminwa, vizuizi huwekwa, watu hukamatwa, na baada ya majuma machache kazi hutangazwa kuwa imekwisha. Hatuwadharau askari wetu hata kidogo; wapo waliopoteza maisha yao ili sisi tulale. Tunachosema ni kwamba msako humfuata mtu, na mtu huhama. Mahali alipojificha hapahami.

Historia ya wilaya hizi inatufundisha hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia vita na mauaji ya Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Waliokuja walikuwa wengi kuliko wenyeji wa maeneo mengi ya Ngara. Silaha ziliingia pamoja na wanaozikimbia, na wananchi wa Ngara na Biharamulo walionja machungu ya wizi wa kutumia nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, lakini ujambazi wa barabarani haukurudi nao. Mwezi Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Silaha zilikamatwa na maelfu ya watu waliondoshwa nchini, wakiwamo waliolalamika kwamba walikwisha kuishi kwetu miaka mingi na kuzaa watoto hapa. Yatupasa tukiri kwamba kumhesabu kila mgeni kuwa jambazi ni dhuluma, na tena ni uvivu wa fikra. Mkimbizi aliporwa katika kona ile ile alikoporwa mwenyeji. Kona haikuuliza uraia wa mtu.

Basi na tuitazame kona yenyewe. Jambazi wa barabarani, kama mwindaji, hachagui mahali ovyo. Hutafuta kwanza mahali ambapo gari halina budi kupunguza mwendo: mlima mkali, shimo kubwa, daraja jembamba, tuta. Pili, hutafuta kichaka kilichofika ukingoni mwa lami, ili aweze kutoka kwa hatua tatu. Tatu, hutaka njia ya kukimbilia nyuma yake, na nne, mahali pasipokuwa na nyumba wala watu wa kumwona. Palipo na mambo hayo manne pana hatari, hata kama leo hakuna jambazi hata mmoja. Likiondolewa moja, kazi yake huwa ngumu. Yakiondolewa mawili, huenda akaghairi kabisa. Kwa hiyo fundi anayeziba shimo mlimani anafanya kazi ya ulinzi, na kibarua anayefyeka ukingo wa barabara ni askari asiye na sare.

Fikra hii si mpya duniani. Mwaka 1285 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa Sheria ya Winchester, iliyoamuru barabara kuu ziendazo kwenye miji ya masoko zifyekwe futi 200 kila upande, pasibaki handaki wala kichaka ambamo mtu mwenye nia mbaya angeweza kuotea karibu na njia. Miti mikubwa iliachwa, mradi chini yake pawe wazi. Bwana mwenye ardhi aliyekataa kufyeka alibeba lawama ya wizi uliotokea hapo. Hata mwenye hifadhi ya wanyama kando ya barabara alitakiwa airudishe nyuma hifadhi yake, au ajenge ukuta au ua ambao wahalifu wasingeweza kuupenya. Futi 200 ni kama mita 61. Kwetu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatoa hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, kuanzia katikati ya barabara. Hatuombi basi sheria mpya. Tunaomba mita hizo 30 zilizokwisha kuandikwa zionekane kwa macho, zisiwe msitu.

Katika karne iliyopita wataalamu waliirudia fikra hiyo kwa ajili ya miji. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani, alieleza kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya wakazi wake: muuza duka, mama aliyeketi barazani, watoto wanaocheza. Mwaka 1971 mtaalamu C. Ray Jeffery alitoa kitabu kuhusu kuzuia uhalifu kwa kupanga vyema mazingira. Mwaka uliofuata msanifu majengo Oscar Newman, aliyechunguza majengo ya umma ya New York, alionyesha kwamba kadiri familia nyingi zinavyotumia mlango mmoja katika jumba refu, ndivyo watu wasivyojuana, na ndivyo mwizi anavyopita bila kuulizwa.

Mtanzania asomapo hayo hutabasamu. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulijengwa juu ya msingi huo huo, kwamba balozi anawajua watu wake na mgeni hapiti bila kusalimiwa. Sungusungu, waliotokea Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, nao walitegemea kujuana. Tulichokosa ni kuunganisha watu hao na mahali. Tuliwapanga walinzi, hatukuwapangia njia, taa, vichochoro na vichaka wanavyolinda.

Kuipima hatari si elimu ya siri. Ni kujibu maswali matano kwa uaminifu. Tunalinda nini? Nani anaweza kukidhuru, na kwa njia gani? Udhaifu wetu uko wapi? Ikitokea, hasara yake ni kubwa kiasi gani? Na lipi tufanye kwanza kwa fedha kidogo tulizonazo? Mwenye kujibu maswali hayo ofisini, akiwa na ramani peke yake, atajidanganya. Sharti atembee kwa miguu, mchana na tena usiku, akiwa na dereva wa lori, mama muuza ndizi, mchunga ng'ombe na mtoto wa shule, kwa kuwa kila mmoja wao anajua hofu ambayo mwenzake haijui.

Tuchukue mji mdogo wa njiani mfano wa Nyakahura. Malori hulala hapo. Je, yanalala kwenye uwanja mmoja wenye taa na mlango mmoja, au yametawanyika gizani kando ya barabara? Siku ya soko wafanyabiashara huondoka na fedha. Je, wanaondoka na mabunda mfukoni, au wamezituma kwa simu na kumwacha mporaji hana cha kupora? Kisima kiko wapi, na binti atekaye maji saa kumi na mbili jioni hupita kwenye nini? Choo cha shule kimejengwa nyuma ya migomba, au mahali anapoweza kuonekana mtoto akienda na akirudi? Migomba ni uhai wa Kagera, wala hatumwambii mtu aikate. Tunasema tu kwamba shina lililofika dirishani linampa mwizi ngazi na pazia kwa wakati mmoja.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa bara peke yao. Mvuvi wa Bumbire, Goziba, Ikuza, Ukara au Kome anajua maana ya kuamka akakuta mashine ya mtumbwi haipo, au kuvamiwa ziwani nyavu zikachukuliwa. Ziwa halina vichaka, lakini mwalo unavyo. Mashine zikiachwa kila moja kwenye mtumbwi wake, mlinzi mmoja hawezi kuzitazama zote. Zikihifadhiwa katika banda moja lililo mbele ya nyumba za watu, kijiji kizima kinakuwa mlinzi. Mwalo wenye njia kumi za kutokea hauna mlango. Wenye njia moja au mbili, zipitazo mbele ya ofisi na vibanda vya biashara, una mlango hata kama hauna geti. Taa ya jua kwenye mwalo, namba kubwa iliyochongwa kwenye mashine na mtumbwi, na daftari la waliotoka na waliorudi ni mambo ambayo vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vinaweza kuyaanza bila kungoja msaada kutoka mjini.

Zipo hoja dhidi yetu, nazo zina uzito. Ya kwanza ni kwamba tukifyeka hapa, jambazi atahamia kule. Huenda wengine watahama. Lakini mahali penye mambo yote manne tuliyoyataja ni pachache, na kila panapopungua ndivyo doria za askari wetu zinavyoweza kukazwa kwenye pachache palipobaki. Ya pili ni kwamba tutaharibu misitu. Tangu mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sisi tunajivunia hifadhi hiyo. Hatusemi msitu ukatwe. Tunasema ukingo wa barabara usafishwe vichaka na majani marefu, miti mikubwa ibaki na kivuli chake. Mtalii naye angependa kuona mbele.

Hoja ya tatu tunaisikia kwa wenye uwezo: tujenge kuta ndefu, juu tuweke vipande vya chupa. La hasha. Ukuta mrefu humzuia mwizi mpaka avuke. Akishavuka, unamficha yeye na unamziba jirani aliyetaka kusaidia. Ua mfupi unaoonekana ndani, pamoja na jirani mwema, una nguvu kuliko boma. Tena jamii ambamo kila mmoja amejifungia kwake imekwisha kumwachia jambazi njia yote.

Kwa viongozi na maofisa wetu tuna maombi manne. Kwanza, Kamati za Ulinzi na Usalama za wilaya, pamoja na polisi, TANROADS, TARURA, hifadhi na Serikali za vijiji, zitembee barabara zote zenye historia ya uporaji kila mwaka, mvua za masika zinapomalizika na majani yakiwa marefu, ziandike kila kona na dawa yake. Pili, kazi ya kufyeka wapewe kwa malipo vijana wa vijiji vinavyopakana na barabara, ili ukingo huo wauone kuwa wao. Tatu, ramani ya stendi, soko, shule, zahanati au mwalo isipitishwe kabla ya kuulizwa swali moja: usiku, nani anamwona nani hapa? Nne, maofisa wa idara mbalimbali waache kurushiana mpira. Kichaka hakijui kama kimeota kwenye hifadhi ya barabara au kwenye hifadhi ya wanyama, na marehemu hatafufuka kwa kuonyeshwa mpaka wa idara.

Kwa wananchi tuna moja tu. Tusingoje barua. Walimu wetu wa chuoni walitufundisha kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, si kabla. Panga iko nyumbani, jiwe la kuziba shimo la njia ya kisimani liko shambani, na jina la jirani hujifunzwa kwa salamu.

Basi litapita Nyakahura usiku huu, na litafika kwenye mlima ule. Tunataka ifike siku ambapo abiria wataupanda wakiendelea na mazungumzo yao, kwa kuwa pande zote mbili za barabara pako wazi na taa ya nyumba ya mtu inaonekana mbele.