Begi Halinyongi Baiskeli

Mjukuu wangu ana baiskeli nzuri ya mtumba, nyepesi, yenye gia, ila haina keria. Mwaka jana alipanga kuiendesha kutoka Iringa hadi Njombe kumwona bibi yake mzaa mama. Hakwenda. Mwaka huu pia hakwenda. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu: "Babu, sijapata mabegi." Akanionyesha katika simu mabegi matatu ya kigeni yanayofungwa kwenye baiskeli bila keria. Bei yake kwa jumla ilizidi bei ya baiskeli yenyewe.

Hapo ndipo ninapogomba. Tangu lini begi likanyonga baiskeli? Tumewafundisha vijana kwamba safari huanzia dukani, nao wamekaa nyumbani wakingoja fedha ambazo hazitakuja.

Mwaka 1884 Thomas Stevens aliondoka San Francisco kwa baiskeli ya zamani, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Mwishoni mwa 1886 alifika Yokohama, akawa ameizunguka dunia, bahari akizivuka kwa meli. Mzigo wake aliufunga usukanini: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na matandiko. Mwaka 1897 askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu wa Marekani waliendesha kutoka Montana hadi St. Louis, safari ya kilomita zipatazo 3,000. Blanketi waliliviringisha na kulifunga usukanini; vitu vingine vilikaa katika sanduku lililotoshea ndani ya fremu. Anayetuambia kwamba kusafiri bila keria ni uvumbuzi wa juzi anatuuzia kanzu ya babu kwa bei ya suti mpya.

Wapo watakaonijibu kwamba rahisi ni ghali. Sikatai, yalinikuta. Mwaka 1978, nikiwa mkufunzi, keria ya baiskeli yangu ilikatika nikienda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Nilining'iniza mfuko nyuma ya tandiko, nikakanyaga pedeli kwa haraka. Nilipofika, tairi lilikuwa limekwisha kuutafuna mfuko pamoja na shati langu jeupe. Wanachuo walinihurumia, wanafunzi walicheka. Lakini kosa halikuwa umaskini wa mfuko. Kosa lilikuwa langu: sikupima.

Basi pima kwanza, ndipo ununue. Keti juu ya baiskeli, mwenzako apime nafasi iliyopo kati ya tandiko na tairi. Ikiwa ni shubiri moja tu, begi kubwa la nyuma si lako, hata ukipewa bure. Vitu vizito, yaani spana, maji na mchele, viweke ndani ya fremu, chini na katikati, ili baiskeli isiyumbe. Mfuko wa hapo mshonaji wa mahema atakushonea kwa turubai, ukimpelekea kipande cha boksi ulichokikata kwa umbo la fremu yako. Mwambie auache mwembamba, magoti yasiuguse. Usukanini funga vyepesi, blanketi na nguo, ila waya za breki ziachwe huru. Mvua isikutishe: mfuko mzima wa plastiki ndani ya begi la kawaida hukinga nguo vizuri.

Kama una fedha kidogo ya ziada, itoe kwa mikanda imara isiyoteleza. Usiitoe kwa jina lililoandikwa ubavuni. Begi la bei nafuu lililokazwa vema ni bora kuliko la ghali linalopepesuka. Kisha jaza kila kitu, uzunguke saa nzima katika njia mbaya kabla ya siku ya safari. Kinachogonga karibu na nyumbani kitavunjika mbali na nyumbani.

Nasikia pia kwamba lazima kijana apendeze njiani. Apendeze kwa nani? Bibi wa Njombe haoni vizuri tena. Hatauliza begi limetoka nchi gani. Ataushika mkono wa mjukuu wake na kuuliza kwa nini amechelewa. Na bibi huyo, kama mimi, hana miaka mingi ya kungojea mabegi.