MKULIMA NA MASHINE YAKE: Pampu ya Trekta Inapolia

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya pampu inayokaribia kufa ni sauti. Katika sehemu za Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako mahindi hupandwa mvua ndefu zianzapo katika miezi ya Machi na Aprili, trekta ikikataa kuinua plau wakati huo hasara yake si ya chuma peke yake. Mwenye shamba hupoteza siku za kupanda, na siku hizo haziuzwi dukani. Kwa hiyo yafaa kila mwenye trekta ya zamani ajifunze kuisikiliza pampu ya mafuta inayoinua vyombo vya kulimia, apate kupambanua sauti ya njaa na sauti ya ugonjwa.

Mtambo huo wa kuinulia ulienezwa na Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Trekta yake iliyoitwa TE20 ilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na zaidi ya trekta 500,000 za aina hiyo zilitoka kiwandani. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na baadaye zikaja Massey Ferguson 35 na, mwaka 1964, ile ya 135. Katika trekta hizi zote pampu haionekani kwa nje. Ina pistoni nne, nayo imefichwa tumboni mwa trekta, imezama katika mafuta yale yale yanayolainisha gea na ekseli ya nyuma. Basi uchafu wowote utokao katika gea, pampu huunywa.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kelele hiyo ni ya pampu kweli. Wengi wamelipia pampu mpya, kumbe mgonjwa alikuwa beringi ya gea. Trekta isimamishwe mahali tambarare, breki zikazwe, gea iwe huru, na injini iende polepole. Katika TE20 pampu huzungushwa na shafti ile inayoendesha mashine za nyuma. Klachi ikanyagwe, wenzo wa shafti hiyo uondolewe, kisha klachi iachiliwe. Kelele ikikoma, pampu au shafti yake yashukiwa. Ikiendelea, itafutwe kwingine.

Katika 35 na 135 zenye klachi ya hatua mbili, kipimo ni rahisi zaidi. Klachi ikikanyagwa nusu, gea husimama lakini pampu huendelea kuzunguka. Ikikanyagwa mpaka chini, pampu nayo husimama. Kelele ikifa katika hatua ya kwanza, kosa ni la gea. Ikifa katika hatua ya pili, ni la pampu au shafti yake. Isipokufa kabisa, iko katika injini au katika klachi yenyewe.

Ikisha kujulikana kwamba ni pampu, asifungue mtu nati hata moja kabla ya kupima mafuta. Mikono ya kuinulia iteremshwe, injini izimwe, na kijiti cha kupimia kitazamwe. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa. Hapo hulia mlio mwembamba, na baadaye hunguruma kama changarawe ndani ya debe. Viputo vya hewa hupasuka kwa nguvu ndani yake na kuila chuma kidogo kidogo. Mlio huo ukisikika hasa trekta ilimapo mteremkoni, pana shaka kwamba mafuta ni machache, kwa kuwa hukimbilia upande mmoja na kuiacha pampu kavu. Mwenye tela la kumwaga mzigo akumbuke pia kwamba tela huazima mafuta hayo hayo ya trekta, na mara nyingine huyarudisha na uchafu.

Kisha rangi ya mafuta itazamwe. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, yameingiwa na maji. Trekta nyingi za zamani hulala nje, na mpira unaofunika mguu wa gea ukipasuka, mvua hupita hapo moja kwa moja. Trekta ikisha kutulia usiku kucha, nati ya kumwagia mafuta ilegezwe kidogo asubuhi. Maji, kwa kuwa ni mazito, yatatangulia kutoka. Dawa yake ni kumwaga mafuta yote, kutia mapya ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha trekta, na kubadili mpira ule. Akibadili mafuta akauacha mpira, amefanya kazi ya bure.

Mafuta yakiwa safi na ya kutosha, kinachofuata ni chujio la pampu. Likizibwa na tope au vipande vya chuma, pampu huona njaa ingawa chakula kipo. Mlio unaosikika wakati wa baridi ya asubuhi na kupungua trekta ipatapo moto waonyesha kwamba mafuta ni mazito mno au chujio limeziba nusu. Lakini pampu iinuayo vizuri asubuhi, ikalegea mchana mafuta yakiwa moto, yaelekea kuwa imechakaa ndani.

Kuna kelele nyingine isiyo ugonjwa wa pampu. Mikono ikifika juu kabisa, au mzigo ukiwa mzito kupita kiasi, valvu ya usalama hufunguka na kupiga kelele kali. Wenzo uteremshwe kidogo. Kelele ikikoma mara moja, pampu ni nzima: yapasa kupunguza mzigo, au fundi arekebishe viungo vya wenzo ili mikono isimame kabla ya kufika mwisho.

Vile vile mikono inayotikisika juu na chini peke yake, huku imebeba plau, mara nyingi husingiziwa pampu. Plau iinuliwe, watu na watoto wakae mbali, kisha injini izimwe. Ikianguka upesi, mafuta yanavuja katika valvu au katika ringi ya pistoni ya kuinulia. Pampu mpya huenda isiponye jambo hilo.

Lakini kikisikika kishindo cha kugonga chenye mpigo, ambacho huongezeka mwendo injini iongezwapo, na mikono ikapanda kwa kushtuka-shtuka, huenda valvu moja ya pampu haifungi, au springi imevunjika, au chuma kimelika. Hapo pampu haina budi kutolewa, na kazi hiyo ni ya fundi. Kuendelea kulima ni kutawanya vumbi la chuma katika gea zote, na hasara ya pampu moja ikawa hasara ya trekta nzima.

Katika kazi hizi zote tahadhari ni mbili. Mtu asiingie kamwe chini ya chombo kilichoinuliwa na mafuta peke yake. Kitegemezwe kwa magogo imara. Wala asitafute tundu linalovuja kwa kidole, bali kwa kipande cha kadibodi, maana mafuta yenye nguvu hupenya ngozi kama sindano, na aliyepatwa na jambo hilo hana budi kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Yafaa mwenye trekta aandike katika daftari siku aliyobadili mafuta, siku aliyosafisha chujio, na kelele aliyoisikia: wakati wa baridi au joto, na mzigo au bila mzigo. Fundi ajapo, apewe daftari hilo kwanza. Naye fundi atakaye kuifungua pampu kabla hajapima mafuta wala kutazama chujio, aulizwe sababu yake.